Kuuza motokari ya Baba: bei ya Ulaya haivuki mto

ALUNGULI. — Kwa miaka zaidi ya 40 motokari moja ililala ndani ya lupango yetu: Land Rover ya mazutu, rangi ya majani, aliyoinunua Baba ikiwa mpya. Haikupata mwenye mwingine. Mwaka uliopita tuliiuza. Tunaandika habari hii kwa sababu wengi kati yenu munaosoma ukurasa huu muna kitu cha namna hiyo nyumbani: pikipiki ya marehemu, mashini ya kusaga, moteri ya kutoa maji kwenye shimo. Siku moja mutatafuta bei yake. Sisi tulikosea mara mbili mbele ya kuipata yetu.

Mchele wa kambi

Baba hakuchimba hata siku moja. Yeye aliuza mchele. Wazee wenu wanakumbuka: ile wakati kampuni za kasiteriti zilitoa posho kwa wafanyakazi, na mchele wa Maniema njo uliojaza magunia. Baba alianza na kinga, akisukuma gunia moja moja kutoka vijijini mpaka Alunguli, halafu akalipia nafasi juu ya malori ya watu. Mwaka wa 1976 kampuni za madini za Kivu, na Maniema ilikuwa bado ndani ya Kivu, ziliunganishwa kuwa moja, SOMINKI. Kambi za Kalima zilikuwa na midomo mingi ya kulisha. Baba akaona ya kwamba mwenye motokari yake hagawanyi faida na mtu.

Mwaka wa 1979 alipanda treni kwenda Lubumbashi, feza imeshonewa ndani ya mto wa kulalia. Alirudi na Land Rover imefungwa juu ya wago, akipita Kamina, Kabalo na Kongolo. Njia yote alilala ndani ya kabina, kwa kuogopa wezi. Gari la moshi linaishia Kindu, ngambo ya kushoto ya Lualaba. Sisi tunakaa ngambo ya kuume. Kwa hiyo mwisho wa safari ulikuwa juu ya bake, kile chombo kikubwa cha kuvusha motokari, na watoto wote wa kartie tulikuwa kwenye pwani tunangojea. Mama naye alikuwa pale. Neno lake la siku ile analikumbusha mpaka leo: "Alienda na feza ya nyumba ya matofali, akarudi na chuma."

Kusema kweli, si chuma chote. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kule Amsterdam mwaka wa 1948, wakati Uingereza ilikuwa imetoka kwenye vita na chuma kilikuwa haba. Aluminiumu ilikuwa nyingi, kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Basi wakatengeneza mwili wa motokari kwa aluminiumu, na shasi ya chini kwa chuma. Ya Baba ni ya aina ya tatu, ile iliyotoka kiwandani kati ya 1971 na 1985. Mvua ya Maniema haili mwili wake. Inakula shasi. Musahau yote, lakini jambo la aluminiumu mulishike, kwa kuwa litarudi.

Moteri yake haina haraka. Ikipanda mlima na magunia 12, mtoto anaweza kuteremka, kwenda haja, na kuifikia tena. Watu wa Alunguli wakaiita Polepole.

Kuku ndani ya kabina

Tarehe 24 Oktoba 1985, soko la madini la London lilisimamisha biashara ya bati, ile inayotoka ndani ya kasiteriti. Shirika la nchi zilizokuwa zinashikilia bei pamoja lilikosa feza ya kulipa madeni yake, na bei ikaanguka. Sisi tulikuwa watoto, London hatukuijua. Tulijua tu ya kwamba Polepole, iliyokuwa inaenda Kalima mara mbili kwa juma, sasa ilienda mara moja kwa mwezi. Posho ilipungua, na mchele wa Baba ukakosa wanunuzi.

Halafu vikaja vita. Mwezi wa pili wa 1997 waasi wa AFDL waliingia Kindu. Mwaka ule ule SOMINKI ilifungwa na SAKIMA ikachukua nafasi yake. Oktoba 1998 mji uliangukia tena mikono mingine. Baba hakungoja aambiwe. Alifungua pompi ya mazutu na injekta zote 4, akazipaka grisi, akazifunga ndani ya nguo na plastiki, akazizika. Magurudumu aliyagawanya kwa rafiki zake watatu. Ndani ya kabina akaweka kuku. Wenye bunduki walifika mara tatu kutafuta motokari, na mara tatu walikuta banda la kuku. Amani iliporudi, alichimbua pompi, akairudisha, na Polepole ikawaka siku ya pili.

Tangu hapo ilibeba kila kitu: mihogo, matofali, wagonjwa, maarusi. Serikali iliposimamisha uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili, kuanzia Septemba 2010 mpaka Machi 2011, ilibeba familia za wachimbaji waliorudi nyumbani mikono mitupu. Wengine hawajalipa mpaka leo. Baba hawadai.

Lakini pikipiki zikaja, zikachukua kazi. Na macho ya Baba yakaingia ukungu. Mnganga akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ya kwamba inatengenezwa kwa operesheni. Baba amepita miaka 80. Hakuwa anaona tena nyuso zetu. Alitujua kwa sauti na kwa hatua za miguu. Feza ya operesheni hatukuwa nayo. Yeye mwenyewe njo alisema mbele ya wote: "Muuze Polepole. Motokari ya mtu asiyeona ni kazi bure."

Kosa la kwanza: bei ya Ulaya

Tuko watoto sita: wawili hapa, mmoja Kinshasa, wawili Lubumbashi, na mdogo wetu anayechimba kasiteriti upande wa Kalima. Tulianza mazungumzo kwa simu. Binamu yetu aliye Brussels akatuma picha: Land Rover za umri wa yetu, zimetengenezwa, zinang'aa, na chini yake bei ya maelfu ya euro. Moja ilikuwa euro 15,000. Usiku ule hakuna aliyelala. Yaya wetu mkubwa alikuwa amekwisha kugawa: operesheni, mabati ya nyumba, minerval ya wajukuu, na feza ya kuanzisha duka.

Siku nne zilipopita, akafika mchuuzi mmoja wa hapa Alunguli. Aliizunguka motokari, akasema: "Natoa dola 1,500, leo." Tukamcheka. Kabisa, tulimcheka mbele ya uso wake. Akaenda kununua pikipiki mbili.

Miezi mitatu ikapita. Hakuna mtu wa Brussels aliyevuka Lualaba. Mvua ilianza, pine mbili zikalala, panya wakakata nyaya. Ndipo mdogo wetu akafika kutoka machimboni, akakuta tungali tunazungumza juu ya euro. Aliketi, akatuuliza:

— Bei ya bati kule London munaijua?

— Hapana.

— Mimi naijua. Iko mu simu kila asubui. Sasa muniulize mimi napata ngapi kwa kilo kwenye shimo.

Tukanyamaza. Akaendelea:

— Mawe yangu si bati tupu, iko na udongo na vyuma vingine ndani. Kuna mwenye kuibeba kichwani, kuna mwenye pikipiki, kuna negosia, kuna wa kuweka etiketi kwenye mfuko, kuna kodi, kuna ndege ao treni, kuna meli, kuna furno ya kuiyeyusha. Kila mtu anakata yake. Inayobaki njo yangu. Nikikaa juu ya gunia nikisema London, London, nitakufa na njaa. Na ninyi munafanya vile vile. Muvushe motokari kwenye bake, muitie kwenye treni, muipeleke Lubumbashi, muvuke mipaka, muipandishe meli, halafu muitengeneze kwa fundi wa Ulaya. Mukimaliza, iko na bei ile ya picha. Nani atalipa zile zote? Ile bei ni ya huko. Haivuki mto.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatueleza kazi yake ya kila siku, na sisi tuliosoma shule tulikuwa hatujaielewa.

Kosa la pili: mizani

Mtu akichoka kungojea bei kubwa, mara nyingi anaangukia ndogo kuliko zote. Sisi pia. Juma lililofuata akaja mtengenezaji wa sufuria. Munawajua: wananunua aluminiumu nzee, wanaiyeyusha, wanaimwaga ndani ya mchanga, na asubui yake sufuria inaenda sokoni. Ni kazi ya heshima. Alichukua ufunguo akagonga milango, boneti, mabawa, akasikiliza sauti. "Hii ni aluminiumu muzuri," akasema. Akahesabu kilo, akatoa dola 400, na shasi akatuachia.

Tulikuwa karibu kukubali. Yaya kwa simu alisema: "Mupe tu, tumalize." Baba alikuwa ameketi chini ya mwembe. Akauliza:

— Anapimia nini?

— Mizani, Baba.

— Basi hatafuti motokari.

Akanyamaza. Yule mtu hakukasirika. Alicheka, akatupa mkono, akasema tukibadilisha mawazo tunajua anapokaa. Lakini neno lile lilitufungua macho. Kitu kimoja kina bei nyingi, kufuatana na kazi ambayo mnunuzi anataka kukifanyisha. Kwa mwenye sufuria, Polepole ni kilo. Kwa mtu wa Brussels, ni kumbukumbu ya kuoshea siku ya Mungu. Tulipaswa kutafuta mtu ambaye kwake ni motokari.

Kuosha mawe

Mdogo wetu akatupa shauri lake la pili: "Kasiteriti yenye udongo na kasiteriti iliyooshwa, negosia mmoja, siku moja, hazina bei moja. Tuoshe mbele ya kuuza."

Tulichanga dola 180 kati yetu sita. Tulinunua betri ya mkono wa pili iliyo na nguvu, tukatengeneza pine, tukabadilisha mipira ya freni na nyaya zilizokatwa na panya. Rangi hatukupaka. Fundi alitukataza: mnunuzi mwenye akili akiona rangi mpya juu ya motokari nzee, anauliza imeficha nini.

Halafu tukaandika karatasi ya makosa yote. Shasi imeliwa na kutu upande wa nyuma, kuume. Kihesabu kilomita kilikufa 1991. Gia ya tatu inaruka wakati wa kuteremka mlima. Taa ya nyuma ya kushoto haiwaki. Dada yetu wa Kinshasa alishangaa: "Munaandika makosa ninyi wenyewe?" Ndiyo. Anayevumbua kosa mwenyewe anakata bei mara mbili: mara moja kwa ajili ya kosa, mara ya pili kwa ajili ya uongo.

Na mwisho tukafungua kisanduku cha Baba. Mulikuwa daftari mbili za shule. Kila mafuta ya moteri aliyobadilisha tangu 1979, tarehe na lita. Kila lami ya resori iliyovunjika, na ilivunjikia wapi. Kwa miaka ya vita kurasa zilikuwa na neno moja tu: "kuku." Mtu aliyenunua motokari iliyopita mikono mitano hawezi kupata daftari kama ile. Hiyo njo faida ya motokari ya mtu mmoja: kuna mtu mmoja anayejua yote.

Aliyehesabu mpaka 30

Habari ilienda Kalima na wenye pikipiki. Siku ya kumi na mbili akafika fundi wa huko, mtu mzima, mkono mmoja una kovu la mafuta ya moto. Marehemu baba yake alifanya kazi ndani ya garaji ya kampuni. Yeye akiwa mtoto alikuwa anampa funguo. Alitafuta motokari ya kubeba mazutu na moteri za maji mpaka machimboni, fasi ambayo pikipiki inashindwa na lori halipiti.

Alimsalimia Baba kwanza, akakaa, akanywa maji. Ndipo akaomba kuwasha. Moteri ile ya mazutu ina buji za kupasha moto: unashika ufunguo, unangoja zipate joto, ndipo unazungusha. Wengine wote waliokuja walizungusha palepale, moteri ikakohoa. Huyu alishika ufunguo, akanyamaza. Tulimwona midomo inahesabu. Alipofika 30 akazungusha, na Polepole ikawaka mara moja.

Baba, ambaye hakuona kitu, akageuza kichwa. "Nani alikufundisha kungoja?"

"Marehemu baba yangu, Muzee."

Bei ilizungumzwa saa mbili. Tulianza dola 3,000, naye 1,800. Alilala chini ya shasi, akatoka na vumbi mgongoni, akasema kutu ni kubwa kuliko tulivyoandika. Alisema kweli. Aliposoma daftari, alisahau kidogo kwamba alikuwa anabishana. Tukakutana kwenye 2,300: 1,300 siku ile, na 1,000 siku ya kuichukua, mbele ya juma la tatu kwisha.

Karatasi

Hapa tunataka muende nasi polepole, kwa sababu hapa njo familia nyingi zinapigana.

Karatasi za Baba zilikuwa bado na jina la Zaire juu yake. Ndani ya ofisi moja mtu alituambia karatasi za Zaire zimekufa, ila kuna namna ya kuzifufua, na akafungua droo. Tulirudi kesho yake pamoja na mzee wa kartie, tukaomba kulipa na kupewa resi. Namna ile haikusikika tena. Tulilipa kinachopaswa, tukapata mhuri.

Mkataba tuliuandika mara tatu: wetu, wa mnunuzi, na wa ofisi. Tuliandika namba ya shasi na namba ya moteri, na tulizisoma juu ya chuma chenyewe, si juu ya karatasi ya zamani. Bei kwa tarakimu na kwa maneno. Feza iliyolipwa na iliyobaki. Makosa ya motokari, yote. Tarehe, na hata saa ya kukabidhi: motokari ikigonga mtu jioni, ijulikane ilikuwa ya nani. Mashahidi wawili kila upande. Watoto wote sita tuliweka sahihi ao kutuma barua ya kukubali, ili mwaka kesho mmoja asiamke akisema urithi wake uliuzwa. Baba aliweka kidole.

Feza tulihesabu mchana, nje, chini ya jua. Noti ya dola iliyopasuka hata kidogo hakuna atakayeipokea sokoni. Tulirudisha tatu, na mnunuzi akabadilisha bila neno.

Jicho la kuume

Kwa ile 1,300 Baba alivuka mto na kufanyiwa operesheni ya jicho la kuume. Siku waliyotoa bandeji, alimwangalia Mama muda mrefu, akasema: "Umezeeka." Mama akamjibu: "Na wewe, ulifikiri uko na ngapi?" Feza ya sasa itatengeneza jicho la pili, na itakayobaki italipa shule ya mjukuu mmoja, mwaka mmoja. Mabati na duka tumeacha Brussels.

Mnunuzi alirudi siku ya 19, dola 1,000 mkononi. Baba alimpa ufunguo, daftari mbili, na maneno machache juu ya gia ya tatu. Halafu alisimama mbele ya lango la lupango, mkono juu ya jicho lisilotengenezwa, akitazama. Polepole ilitoka, ikageukia njia ya Kalima, ikafunga freni mbele ya shimo la kwanza.

Baba akapiga kelele:

— Taa ya kushoto haiwaki!

Fundi akatoa kichwa dirishani:

— Iko mu karatasi, Baba!

— Basi uitengeneze mbele ya mvua!

Halafu akaingia ndani, akaomba chai.